Nambari Kubwa na Nambari za Mfuatano katika Kihispania: Mtazamo wa Msemaji wa Kiswahili

Mwanafunzi wa lugha ya kigeni akikosea upatanisho wa kisarufi, kosa lake husikika papo hapo. Msikilizaji huitambua kasoro, naye mwalimu huisahihisha. Kosa la nambari mara nyingi halina tabia hiyo. Msemaji wa Kiswahili aliyekwisha kujifunza kwamba elfu ni mil na thelathini ni treinta, akitaka kusema "elfu thelathini" kwa Kihispania, huelekea kuyapanga maneno hayo kwa utaratibu aliouzoea na kusema mil treinta. Maneno hayo ni Kihispania sahihi. Hayana dosari ya umbo wala ya matamshi, na msemaji wa Kihispania atayapokea bila kusita. Ila yeye atakuwa amesikia 1,030, wala si 30,000. Hali kadhalika "mia mbili" ikifasiriwa neno kwa neno huwa ciento dos, yaani 102, na "elfu tano" huwa mil cinco, yaani 1,005. Katika bei, katika idadi ya watu, au katika makadirio ya fedha, kosa la namna hii laweza kupita tangu mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo bila ya mtu yeyote kulishuku.

Mwanafunzi wa Kenya kwa kawaida hukifikia Kihispania kwa kupitia maelezo ya Kiingereza, na Kiingereza katika jambo hili kina mpangilio ule ule wa Kihispania: kinachozidisha hutangulia. Kitabu kilichotungwa kwa ajili ya msemaji wa Kiingereza hakioni hapo pana tatizo, kwa hiyo hakitoi tahadhari yoyote. Orodha ya nambari hutolewa, mwanafunzi huikariri, na sura hufungwa. Wala suala hili si la darasani tu. Itifaki ya kurekebisha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Maputo mwezi wa Julai 2003, inavitaja Kihispania na Kiswahili bega kwa bega miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Na Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, ni nchi ya Kiafrika inayotumia Kihispania kama lugha rasmi. Watakaofasiri moja kwa moja kati ya lugha hizi mbili, bila ya Kiingereza kusimama katikati, watahitaji maelezo yanayoanzia katika Kiswahili chenyewe.

Tofauti ya msingi ni ya mpangilio. Katika Kiswahili mia, elfu, laki na milioni ni nomino, na nambari inayozizidisha huzifuata kama kivumishi chochote kinavyoifuata nomino yake: watu warefu, watu wawili, elfu mbili. Nambari inayoongezwa nayo hufuata nyuma vile vile. Basi kinachozidisha na kinachoongeza vyote viko upande mmoja. Katika Kihispania pande ni mbili: kilicho kabla ya mil huzidisha, na kilicho baada yake huongeza.

treinta mil: 30,000
mil treinta: 1,030
veinticinco mil: 25,000
veinte mil cinco: 20,005

Mifano miwili ya mwisho yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu Kiswahili hapo kina utata unaojulikana sana. Mtu akisema "elfu ishirini na tano" bila ya kutaja kinachohesabiwa, msikilizaji hawezi kuwa na hakika kama iliyokusudiwa ni 25,000 au 20,005. Baadhi ya wasemaji huukwepa utata huo kwa kugeuza mpangilio na kusema "ishirini na tano elfu", na wengine hutua kidogo kabla ya "na". Lakini nomino inayohesabiwa ikitajwa, sarufi yenyewe huleta njia ya kuutatua. "Watu elfu ishirini na watano" ni 20,005, kwa maana watano imepatanishwa na watu, na kwa hiyo inahesabu watu. "Watu elfu ishirini na tano" ni 25,000, kwa kuwa tano hapo imepatanishwa na elfu, nayo inahesabu maelfu. Kiambishi kimoja kimetenga watu wapatao elfu tano.

Njia hiyo, hata hivyo, haifiki kila mahali. Nambari sita, saba na tisa zilizotoka katika Kiarabu hazichukui viambishi vya upatanisho, kwa hiyo "watu elfu ishirini na sita" hubaki na utata wake. Nomino za ngeli ya nyumba na nguo nazo hazionyeshi tofauti, maana nyumba ni tano na maelfu ni tano. Kwa ufupi, Kiswahili kimeukabidhi upatanisho kazi ambayo Kihispania kimeikabidhi nafasi ya neno, na upatanisho huifanya kazi hiyo pale tu unapoweza kuonekana. Anachotakiwa msemaji wa Kiswahili anapojifunza nambari kubwa za Kihispania ni kuuhamisha uangalifu wake: asisikilize kiambishi, asikilize kilichotangulia na kilichofuata.

Kiungo "na" nacho huleta taabu, ingawa si kubwa. Kihispania hutumia y baina ya makumi na mamoja tu, kuanzia thelathini na moja: treinta y uno, cuarenta y dos, noventa y nueve. Kutoka kumi na sita hadi ishirini na tisa kiungo hicho kimemezwa ndani ya neno moja: dieciséis, veintiuno, veintinueve. Baada ya mia au elfu hakitumiki. Mia moja na tano ni ciento cinco, na elfu moja na moja ni mil uno. Mwanafunzi anayesema ciento y cinco ataeleweka vizuri, kwa hiyo kosa hili halina madhara ya lile la kwanza. Lipo jina moja linalohifadhi matumizi ya kale, nalo ni la ule mkusanyiko wa hadithi unaojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki kama Alfu Lela Ulela. Wahispania huuita Las mil y una noches, na hiyo y ya katikati haipaswi kuchukuliwa kuwa kanuni.

Sehemu yenye mengi ya kujifunza ni upatanisho wa nambari na nomino. Msemaji wa Kiingereza huambiwa kwamba nambari za Kihispania zina jambo geni, yaani baadhi yake hubadilika kufuata jinsia ya nomino na baadhi hazibadiliki. Mwanafunzi wa Kiswahili akiambiwa vivyo hivyo huwa amedharauliwa bila ya kukusudiwa. Yeye tangu utotoni amekuwa akisema watu wawili na watu sita, viti vitatu na viti tisa, bila ya kuuliza kwa nini wengine wanapatana na wengine hawapatani. Wazo zima analo. Asichonacho ni mgawanyo wa Kihispania, ambao karibu ni kinyume cha ule wa kwake.

Katika Kiswahili zinazopatana ni nambari ndogo: moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Katika Kihispania nambari ndogo hazipatani, isipokuwa uno peke yake, ambayo huwa un mbele ya nomino ya kiume na una mbele ya nomino ya kike, hata inapokuwa mwisho wa nambari kubwa: veintiún libros, vitabu ishirini na kimoja; veintiuna casas, nyumba ishirini na moja. Zinazopatana ni mamia, tangu mia mbili hadi mia tisa. Vitabu mia mbili ni doscientos libros, na wanawake mia mbili ni doscientas mujeres. Matokeo yake ni kwamba katika kirai kimoja lugha hizi mbili hupeana mgongo:

wanawake mia mbili na wawili
doscientas dos mujeres

Katika Kiswahili ni wawili inayowafuata wanawake, na mbili inaifuata mia. Katika Kihispania dos haimfuati mtu, na mia mbili ndiyo iliyovaa alama ya kike.

Upatanisho huo wa mamia hauzuiwi na mil. Wanawake laki mbili, kwa mfano, ni doscientas mil mujeres: mamia yanaivuka mil na kuifikia nomino iliyo ng'ambo. Hapa wanafunzi wengi hukosea, maana hudhani kwamba mil imesimama katikati kama ukuta. Neno mil katika matumizi haya si nomino. Halina wingi, halina jinsia, wala halihitaji kutanguliwa na un kama Kiswahili kinavyosema elfu moja. Elfu moja ni mil tu.

Neno millón ndilo ukuta. Millón ni nomino kamili ya kiume, yenye wingi wake millones, na huunganishwa na kinachohesabiwa kwa kihusishi de: un millón de habitantes, wakazi milioni moja. Kwa kuwa ni nomino, ndiyo inayoamuru upatanisho. Linganisha:

doscientas mil mujeres: wanawake laki mbili
doscientos millones de mujeres: wanawake milioni mia mbili

Katika mfano wa pili mamia yamerudi kuwa ya kiume ingawa wanaohesabiwa ni wanawake, kwa sababu kinachohesabiwa kisarufi ni mamilioni. Hakuna maelezo ya Kiingereza yatakayoliweka jambo hili wazi kama mfano mmoja wa Kiswahili. Anayesema "watu elfu mbili", na asiseme "watu elfu wawili", ameshaikubali kanuni yenyewe: nambari inayozidisha hupatana na nomino iliyo karibu yake, yaani elfu, wala si na watu. Millón ya Kihispania ina tabia ya elfu na mia za Kiswahili. Mwalimu akilisema hilo kwa maneno machache, jambo linaloonekana kuwa la ajabu huwa la nyumbani.

Kwa sababu hiyo hiyo kosa la mpangilio katika mamilioni hujifichua lenyewe. Anayesema millones dos kwa kufuata "milioni mbili" atasikika kuwa amekosea, na atasahihishwa. Wa kuchungwa ni mia na elfu. Izingatiwe pia kwamba de hutoweka pale millón inapofuatwa na nambari nyingine: un millón doscientos mil habitantes.

Elfu nayo hurudi kuwa nomino inapotajwa kwa wingi usio na hesabu kamili. Maelfu ya watu ni miles de personas, mamia ya watu ni cientos de personas, na makumi ya watu ni decenas de personas. Miles hapo ni ya kiume, na watunga sarufi wa Kihispania hulikemea kosa la las miles de personas linalotokea hata katika vinywa vya wenyeji, ambao huvutwa na jinsia ya personas. Hapana haja ya kuwacheka. Magazeti ya Kiswahili nayo huyumba baina ya "maelfu ya watu yalikusanyika" na "maelfu ya watu walikusanyika", na wengi wa wasomaji hawaioni tofauti.

Mambo ya umbo yanaweza kupitiwa upesi. Cien hutumika mbele ya nomino na mbele ya mil na millones, na ciento mbele ya nambari ndogo zaidi: cien libros, cien mil, lakini ciento veinte. Mamia matatu hayafuati kanuni na lazima yakaririwe: quinientos kwa mia tano, setecientos kwa mia saba, novecientos kwa mia tisa. Sifuri ni cero, na tarakimu ni cifra; maneno hayo mawili na sifuri ya Kiswahili yote yana asili moja katika Kiarabu, ingawa kila moja lilipita njia yake.

Katika kutaja miaka, Kiswahili ndicho kiongozi bora. Kiingereza huugawa mwaka vipande viwili, kumi na tisa kisha sitini na nane, na mwanafunzi aliyezoea hivyo hujaribu kufanya vivyo hivyo. Kihispania hutaja mwaka kwa ukamilifu wake, kama anavyofanya msemaji wa Kiswahili asemapo elfu moja mia tisa sitini na nane. Siku ya uhuru wa Guinea ya Ikweta ni doce de octubre de mil novecientos sesenta y ocho, na ile ya uhuru wa Kenya ni doce de diciembre de mil novecientos sesenta y tres.

Nambari za mfuatano, yaani zile zinazoonyesha nafasi ya kitu katika safu, zina sura nyingine. Kiswahili huzipata kwa njia nyepesi mno. Ukiacha -a kwanza, iliyotoka katika kitenzi kuanza, na -a pili, ambayo ni ndugu wa -wili, nambari nyingine zote hutumika kama zilivyo baada ya kiunganishi cha -a, na upatanisho wote hubebwa na kiunganishi hicho: mtu wa tatu, kiti cha nane, nyumba ya mia mbili. Kihispania kina neno la pekee kwa kila nafasi. Kumi za kwanza ni primero, segundo, tercero, cuarto, quinto, sexto, séptimo, octavo, noveno na décimo, na kila moja hufuata jinsia na idadi ya nomino: la quinta casa, los primeros días. Primero na tercero hupoteza irabu ya mwisho mbele ya nomino ya kiume iliyo katika umoja, zikawa primer libro na tercer libro. Segundo haipotezi kitu. Inapendeza kutambua kwamba segundo imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya "kinachofuata", hivyo kwamba Kiswahili kimechukua kitenzi kwa ajili ya wa kwanza, na Kilatini kwa ajili ya wa pili.

Baada ya kumi orodha huendelea: undécimo, duodécimo, decimotercero, vigésimo, trigésimo, cuadragésimo, quincuagésimo, hadi centésimo na milésimo. Vitabu vya kufundishia hupenda kuichapa orodha hiyo yote, na mitihani hupenda kuiuliza. Hapo jitihada ya mwanafunzi hupotea bure. Maneno hayo ni urithi wa Kilatini uliohifadhiwa katika sheria, sherehe na maandishi rasmi. Katika mazungumzo msemaji wa Kihispania huyaacha na kutumia nambari ya kawaida baada ya nomino. Ghorofa ya kumi na tano ni el piso quince, karne ya ishirini ni el siglo veinte. Anayetoka katika Kiswahili atauona utaratibu huo kuwa ni wake mwenyewe, pungufu ya -a ya uhusiano. Mpaka huo unaonekana vyema katika majina ya wafalme na mapapa: Alfonso X husomwa Alfonso décimo, lakini Alfonso XIII ni Alfonso trece, Juan Pablo II ni segundo, na Juan XXIII ni veintitrés. Katika tarehe mpaka umerudi nyuma kabisa, kwani ni siku ya kwanza tu inayoitwa primero, kama katika primero de junio, na hata hiyo wengine huiita uno. Kiswahili nacho kimeitengea siku hiyo neno la kale katika Mei Mosi.

Ingefaa basi mwanafunzi atakiwe kuzitumia kumi za kwanza bila kosa, na zilizobaki azitambue tu anapozisoma. Miaka 50 ya uhuru wa Guinea ya Ikweta, iliyotimia mwaka 2018, katika hotuba rasmi ni quincuagésimo aniversario, na anayefasiri hotuba asikwame hapo. Lakini hatapungukiwa na kitu akisema cincuenta aniversario mezani.

Tahadhari moja yahitajika kuhusu sehemu. Kiswahili husema "sehemu ya tano" kwa maana mbili, ya tano katika safu na moja ya tano, isipokuwa msemaji achague maneno ya Kiarabu kama robo, humusi na thumuni. Kihispania hakitofautishi maana hizo kuanzia nne hadi kumi, lakini kuanzia kumi na moja hutumia kiambishi tamati -avo, kilichokatwa kutoka octavo: onceavo ni moja ya kumi na moja, doceavo ni moja ya kumi na mbili. Kumwita mtu wa kumi na moja onceavo ni kumfanya kipande cha mtu. Wenyeji wengi hufanya kosa hilo, na ndiyo maana mwanafunzi ataliokota kwa urahisi.

Limebaki neno lenye hatari kuliko yote, nalo ni billón. Bilioni ya Kiswahili, kwa kufuata Kiingereza cha leo, ni milioni elfu moja. Billón ya Kihispania ni milioni mara milioni, yaani mara elfu ya hiyo bilioni. Kiingereza cha Uingereza chenyewe kilikuwa na hesabu hiyo ya pili hadi serikali ya huko ilipoiacha rasmi mwaka 1974, kwa hiyo kamusi za zamani zilizomo katika maktaba zaweza kumpotosha anayezitegemea. Bilioni moja kwa Kihispania ni mil millones. Na mwaka 1995 Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania kilikubali neno millardo kwa maana hiyo, kufuatia pendekezo la Rais wa Venezuela, Rafael Caldera, ingawa mil millones ndiyo inayosikika zaidi. Anayekutana na cinco billones katika gazeti la Madrid hana budi kuandika trilioni tano kwa Kiswahili. Akikutana nayo katika gazeti la Kihispania lililochapwa Marekani, ambako desturi ya Kiingereza huingia mara kwa mara, aitazame kwanza hesabu yenyewe kwa tarakimu. Na hata tarakimu azitazame vizuri, kwa maana Uhispania kwa desturi hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, na Mexico hufanya kinyume chake.